Kupiga picha za milima njiani, kutoka Kitonga hadi Matema

Picha nyingi za milima ya Nyanda za Juu Kusini huharibika kabla kamera haijatoka kwenye mkoba. Gari linafika karibu na Tukuyu saa 2 asubuhi, jua liko nyuma ya Mlima Rungwe, na mlima mzima unatoka mweusi chini ya anga jeupe. Hakuna lenzi wala programu ya kuhariri itakayorudisha majani ya msitu ambayo mwanga haukuyagusa. Saa 10 jioni, mtu mwenye simu ya kawaida akisimama palepale anapata mikunjo ya mlima, rangi ya mashamba na kina cha mabonde. Kwa hiyo pangilia safari kwa mwelekeo wa mwanga kwanza, halafu ndipo uhesabu kilomita.

Jua la Mbeya si jua la Dar

Nchi nzima inafuata saa ileile, lakini Mbeya iko mbali magharibi, hivyo jua huifikia zaidi ya dakika 20 baada ya Dar es Salaam. Mwezi Juni na Julai jua huchomoza Mbeya mnamo saa 1 kamili asubuhi na kuzama kati ya saa 12:35 na 12:40 jioni. Novemba huchomoza kama saa 12:15 asubuhi. Iringa hutangulia Mbeya kwa dakika tisa hivi. Dakika hizi zina uzito, kwa sababu karibu na ikweta jua hupanda upesi: mwanga laini wa dhahabu hudumu kama nusu saa tu, na saa moja na nusu baada ya kuchomoza vivuli vinaanza kuwa vifupi na vikali. Fika mahali pa kupigia nusu saa kabla ya kuchomoza, ukiwa umeshachagua utakaposimama.

Jambo la pili ni upande, na hapa ndipo wengi hukosea. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la mchana hupita kaskazini mwa kichwa chako. Miezi iliyobaki hupita kusini. Juni, jua linapofika juu kabisa, kwenye saa 6:50 mchana kwa saa ya ukutani, bado liko nyuzi 58 tu kutoka upeo, upande wa kaskazini.

Tazama maana yake kwa jiji la Mbeya lenyewe. Kilele cha Loleza, mita 2,656, na Kilele cha Mbeya, mita 2,818, viko kaskazini mwa mji. Ukisimama mjini mwezi Juni unatazama uso wa mlima uliopewa kisogo na jua kutwa nzima, hata kama hewa ni safi kama kioo. Desemba na Januari jua huchomoza na kuzama likiwa limeegemea kusini, na uso uleule unapata mwanga wa ubavu asubuhi na jioni. Anayetaka picha ya Loleza kutokea mjini asubiri msimu wa mvua, kisha avizie jioni ambayo mvua imekatika na mawingu yamepasuka upande wa magharibi.

Kabla ya kuondoka, fungua ramani kwenye simu, ipakue itumike bila mtandao, na uandike kila kituo kwenye karatasi pamoja na upande ambao mlima uko ukiwa barabarani. Mlima ulio mashariki mwa barabara upigwe jioni. Ulio magharibi upigwe asubuhi. Kwa ulio kaskazini au kusini, angalia mwezi kwanza. Kazi hii ya robo saa inafaa kuliko lenzi mpya.

Vituo kwa mpangilio wa mwanga

Kutoka Dar, milima huanza kukukaribia baada ya Ruaha Mbuyuni, na mibuyu ya bonde lile inastahili kusimama kabla ya kupanda. Mibuyu iliyotupa majani wakati wa kiangazi, ikiwa na safu ya milima nyuma yake, hupendeza kwa lenzi ya kuvuta mbali, milimita 70 hadi 135: milima husogezwa karibu na mti badala ya kudidimia kwa mbali. Ukitumia lenzi pana, mbuyu unakuwa mkubwa na mlima unabaki kama tuta.

Mlima Kitonga wenyewe si mahali pa kusimama. Kona zimebana, semi zinapanda kwa gia ya chini na nyingine zinashuka breki zikiwa zimepata moto. Picha za Kitonga hupigwa na abiria kupitia dirishani gari likiwa linatambaa nyuma ya lori, au kutoka sehemu pana kabla ya kuanza kupanda na baada ya kumaliza. Bonde ni jembamba, hivyo jua huchelewa kuingia. Kupita saa 3 au saa 4 asubuhi kuna manufaa kuliko alfajiri.

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini kwenye barabara ya Mbeya. Zana za mawe za kale ndizo zilizoipa umaarufu, lakini kwa mpiga picha hazina ni nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na maji ndani ya korongo. Hapa saa ya katikati ya asubuhi inafaa, maana mapema sana nguzo zote zimo kivulini na ukuta mmoja tu juu ndio unaowaka. Ukiona tofauti hiyo ya mwanga ni kubwa mno, elekeza kamera chini, uache anga nje ya fremu kabisa. Weka mtu mmoja karibu na nguzo. Bila mtu, mtazamaji hana cha kupimia urefu. Iringa mjini, mwamba wa Gangilonga unakupa mji mzima chini yako wakati wa machweo, na hapo utapiga kuelekea kwenye jua. Pima mwanga kwenye anga, na uache nyumba ziwe na giza kidogo hadi taa zinapowashwa.

Mafinga ni kama kilomita 80 kutoka Iringa, na hapo uamuzi ni kuendelea na barabara kuu au kuingia Mufindi kwenye chai. Ingia Mufindi. Mashamba ya chai yanafuata mikunjo ya vilima, na mistari ya wachumaji inachora njia nyembamba zinazoongoza jicho. Ukungu huwa mwingi, na usiukimbie. Panda juu ya kilima, tumia milimita 70 hadi 200, upige mkunjo juu ya mkunjo bila anga. Misonobari ya Sao Hill iliyo karibu na barabara hutoa miale ya mwanga katikati ya vigogo pale jua linapopenya ukungu wa asubuhi. Egesha mbali na lami kwa sababu malori ya magogo hayapungui.

Chimala kuna barabara ya kupanda Matamba, maarufu kwa jina la Hamsini na Saba kwa kuwa ndiyo hesabu ya kona zake. Ukuta wa mlima unaopandwa na barabara hiyo unatazama kaskazini, Bonde la Usangu likiwa chini. Kutoka juu ukitazama chini mchana wa Juni, jua liko mbele yako na bonde lote linakuwa jeupe. Piga kati ya saa 2:30 na saa 4 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni, mwanga ukija kutoka ubavuni na kila kona ikiwa na kivuli chake. Lenzi ya milimita 70 hadi 100 huzibana kona zikaonekana zimekaliana. Ile pana huzitawanya. Subiri gari moja liingie kwenye kona, kwani barabara tupu huonekana kama mkwaruzo kwenye mlima.

Baada ya Matamba kuna Kitulo, uwanda wa juu kwenye mita 2,600 hivi, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Maua ni ya msimu wa mvua, hasa Desemba hadi Machi. Huo pia ndio msimu wa matope, na gari dogo lisilo na uwezo wa kuvuta magurudumu yote linaweza kulala njiani. Ukienda Julai utakuta nyasi za kahawia, baridi kali, wakati mwingine barafu nyembamba juu ya majani asubuhi. Vilima vinapata umbo zuri, lakini maua usiyatarajie.

Kati ya Uyole na Tukuyu, Rungwe, mita karibu 2,960, uko mashariki mwa barabara. Kwa hiyo panda Tukuyu asubuhi ukishughulikia vitu vya karibu: migomba, chai, Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira, maporomoko ya Kaporogwe. Rudi barabarani saa 9 au saa 10 kwa ajili ya mlima. Ziwa Ngozi, lililo ndani ya shimo la volkano, ni kinyume: anza kupanda kwa miguu asubuhi na mapema na mwongozaji, kwa sababu mawingu hufunika kingo za shimo adhuhuri ikikaribia. Ukiwa ukingoni uko karibu mno na ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili, hivyo hapa lenzi pana au panorama, yaani picha ndefu ya kuunganisha, ndiyo jibu.

Upande wa barabara ya Chunya, ukipita msitu wa Kawetire, kuna mahali panapojulikana kama World's End, ambapo ardhi inakatika na Usangu inatandazika chini. Alasiri ni bora, jua likiwa mgongoni au ubavuni kwako. Na Matema, mwisho wa safari kwenye Ziwa Nyasa, Milima ya Livingstone iko mashariki: jioni ndipo kuta zake huwaka rangi. Asubuhi jua huchelewa kutokeza juu ya milima, maji bado yametulia kabla ya upepo, na huo ni wakati wa vivuli vya mitumbwi dhidi ya maji yanayong'aa.

Kusimama bila kuhatarisha watu

Dereva hapigi picha. Hili halina mjadala, hata kwenye barabara tupu ya Makete. Msimame mahali ambapo magurudumu yote manne yako nje ya lami na gari linaonekana kutoka mbali pande zote mbili. Kona, kilele cha kilima, daraja na mteremko mrefu, mfano wa Inyala na Mlima Nyoka, si vituo. Ukiegesha pembeni, washa hazadi, vuta breki ya mkono, weka jiwe nyuma ya tairi kama kuna mteremko, na weka triango angalau hatua 50 nyuma ya gari. Watu washukie upande usio wa barabara. Usirudi nyuma ukitazama kwenye kioo cha kamera. Kingo za Usangu na za Ngozi ni za kuangukia kweli.

Barabara kuu hupita vijiji vingi vyenye kikomo cha 50 kwa saa, kwa hiyo usipange muda kana kwamba utakimbia 100 njia nzima. Kati ya Iringa na Mbeya, kilomita 330 hivi, tenga siku nzima kama unakusudia vituo vinne vya maana. Vituo kumi vya dakika tano tano havitoi kitu. Kimoja cha saa moja hutoa picha.

Kamera: mipangilio ya kuanzia

Kwa kamera yenye lenzi za kubadilisha, anza na ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), uwazi wa lenzi f/8 hadi f/11 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo), na uache kamera ichague mwendo wa shata, yaani muda ambao mwanga unaingia. Usikimbilie f/22 kwa kudhani inaongeza ukali. Tundu likiwa dogo hivyo mwanga hupinda kwenye kingo zake na picha nzima inalainika. Kama una kitu cha karibu mbele, mathalani jiwe au ua, na mlima nyuma, lenga umbali wa mita 2 hivi ukiwa na milimita 24 kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame; sensa ni kipande kinachopokea mwanga), f/11: kila kitu kutoka kama mita 1 hadi kileleni kitakuwa na ukali wa kutosha. Ukilenga kilele chenyewe, ua la mbele litafifia.

Hifadhi faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaihariri. Anga la mlimani lina mwanga mwingi kuliko bonde, na RAW hukuachia nafasi ya kuinua vivuli baadaye bila kuchafua rangi. Tazama histogramu, ile grafu ya mwanga, baada ya kila picha ya majaribio: milima yake isigonge ukuta wa kulia, kwa kuwa wingu lililokuwa jeupe tupu halina maelezo ya kurudisha. Tofauti ikizidi, piga picha tatu bila kusogeza kamera: ya kawaida, ya kupunguza hatua mbili na ya kuongeza hatua mbili (kila hatua ni mwanga kuwa nusu au mara mbili), uziunganishe nyumbani.

Stendi ya miguu mitatu iwe na uzito. Kilo moja na nusu kwenda juu. Kwenye upepo wa Kitulo tandaza miguu, usipandishe nguzo ya kati, na ning'iniza mkoba chini ya stendi lakini uguse ardhi, la sivyo utayumba na kuitikisa. Tumia kipima muda cha sekunde 2, na zima kitulizaji cha lenzi, kwa kuwa kwenye lenzi nyingi za zamani hujitafutia mtikisiko pasipokuwepo na kuuleta chenyewe.

Filta ya polaraiza ina kazi ambayo kompyuta haiwezi kuiga kikamilifu. Huondoa mng'ao kwenye majani ya chai yaliyolowa, hivyo kijani kinarudi, na hukata sehemu ya utusitusi. Inafanya kazi zaidi ukielekeza lenzi pembe mraba na jua; ukiwa na jua usoni au mgongoni haifanyi karibu chochote. Kasoro yake ni mbili: inakula mwanga hatua moja hadi mbili, na kwenye lenzi pana hutia bluu nzito upande mmoja wa anga na kuacha mwingine mweupe. Ukiwa chini ya milimita 24, igeuze kidogo tu au itoe.

Ukiwa na simu

Simu inatosha kwa kazi nyingi za safari hii, ukiijua mipaka yake. Futa lenzi kwanza kwa kitambaa cha pamba: mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ule ukungu wa mwanga unaodhaniwa ni hali ya hewa. Usivute zumu ya vidole. Tumia lenzi halisi zilizopo, yaani 1, 2 au 3. Lenzi ya 0.5 huwavutia watu kwa kuingiza kila kitu, lakini ndiyo inayogeuza Rungwe kuwa kichuguu. Bonyeza na ushikilie kidole kwenye sehemu yenye mwanga, hadi kufuli ionekane, kisha shusha mwanga kidogo. HDR, inayounganisha picha za mwanga tofauti kuwa moja, iache iwe imewashwa milimani. Ukitaka panorama, shika simu wima, geuka kwa kiuno na si kwa mikono, na usiwe na uzio au kichaka mita mbili mbele yako, maana vitakatikakatika.

Kwa kamera, panorama ni hivi: kamera wima, mwanga na fokasi na rangi vyote kwa mkono visibadilike, picha tano hadi nane kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikiingia theluthi moja ya iliyotangulia. Polaraiza nje. Kosa la kawaida ni kuacha kamera ijipimie mwanga yenyewe, halafu anga linatoka na mistari ya vivuli kama bati.

Kupitia dirishani

Gari likienda kilomita 80 kwa saa husogea mita 22 kila sekunde. Kwa shata ya 1/1000 limesogea sentimita 2 hivi, na milima ya mbali haitambui hilo. Nguzo za umeme na majani ya pembeni yatafifia tu. Kwa hiyo weka 1/1000 au zaidi, pandisha ISO hadi 400 au 800 ikibidi, na lenga mbali. Shusha kioo kama vumbi linaruhusu. Ikishindikana, safisha kioo ndani na nje, sogeza lenzi karibu sana bila kukigusa, kwani kikigusa mtetemo wa injini unaingia kwenye kamera, na vaa nguo nyeusi ili usijione kwenye kioo. Vioo vya nyuma vya magari mengi vina tinti inayotia kijani. Piga kutoka kiti cha mbele.

Ukungu, moshi na mvua

Nyanda hizi zina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili au Mei, na Tukuyu huendelea kulowa hata wenzake wakikauka. Juni na Julai anga ni safi na baridi. Kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza, moshi wa kuchoma mashamba na nyasi huchanganyika na vumbi, na kutoka World's End unaweza usiuone upeo kabisa. Usipambane na moshi kwa lenzi ndefu. Kadiri unavyovuta mbali ndivyo unavyokusanya hewa chafu kati yako na mlima. Fanya mojawapo ya mawili. Ama shughulika na vitu vilivyo ndani ya kilomita moja, ama geukia jua linapozama na upige safu za milima kama tabaka, kila safu ikiwa nyepesi kuliko ya mbele yake. Kwenye picha ya namna hii moshi ndio unaokusaidia. Mchana wa joto juu ya lami pia hewa hutetemeka, na picha ya lenzi ndefu inakosa ukali ambao huwezi kuurekebisha kwa fokasi.

Saa moja baada ya mvua kubwa ndiyo saa bora ya mwaka mzima kwa mandhari ya mbali. Mvua imeosha hewa. Kaa tayari nayo.

Ndani ya ukungu kamera hudanganyika: ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga na ukungu unatoka kijivu kama moshi wa jiko. Ongeza hatua 0.7 hadi 1. Fokasi ya kiotomatiki hushindwa kushika, kwa hiyo lenga ukingo wa shina la mti kisha hamia kwenye fokasi ya mkono. Na usiondoke upesi: ukungu wa Mufindi na Ngozi hufunguka kwa dakika chache na kufunga tena.

Maporomoko ya maji yanapendeza siku ya mawingu, jua likiwa halipo kabisa. Stendi, ISO 100, shata kati ya robo ya sekunde na sekunde moja. Ikizidi sekunde kadhaa maji yanakuwa pamba isiyo na umbo. Kagua kioo cha lenzi kila picha mbili tatu, rasharasha zinatua bila wewe kuhisi.

Maua ya Kitulo

TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, huhesabu hapo aina 350 za mimea, zikiwamo 45 za okidi. Shuka hadi kamera ilingane na ua, kilima kikiwa nyuma, na subiri upepo utulie. Shata isipungue 1/250. Piga picha tatu za fokasi tofauti, moja kwenye ua, moja katikati, moja mlimani, kama unataka vyote vikali. Lakini baki kwenye njia. Magoti ya mpiga picha mmoja yanaua miche ambayo haikuwa na ua siku hiyo. Okidi hizi pia huchimbwa mizizi kwa ajili ya chakula cha kinaka na kuuzwa hadi Zambia, hivyo zima alama ya mahali kwenye simu kabla ya kurusha picha ya ua adimu. Tunasisitiza hili kwa sababu uwanda huo ukichimbwa, hakuna wa kuurudisha.

Nyota

Juni hadi Agosti, siku zisizo na mwezi, kitovu cha Njia ya Maziwa hupita juu sana upande wa kusini. Mbali na taa za mji, Kitulo au Matema, weka milimita 24, f/2.8, ISO 3200, sekunde 20. Ukizidisha muda nyota zinakuwa vijistari: gawanya 500 kwa milimita za lenzi na utapata kikomo chako cha sekunde. Lenga nyota angavu kwa fokasi ya mkono, ukikuza kioo hadi nyota iwe nukta ndogo kabisa.

Vifaa vinavyogoma njiani

Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi Kyela kwenda nje kwenye joto la ziwa, lenzi hufunikwa na umande palepale. Zima kiyoyozi dakika 20 kabla, au acha kamera ndani ya mkoba uliofungwa hadi ipate joto la nje. Usifute umande kwa shati, unapaka tu. Kwa baridi ya Njombe na Kitulo betri hupungua chaji haraka, hivyo weka ya akiba kwenye mfuko wa ndani wa koti, na uliyodhani imeisha ipashe joto uijaribu tena. Badilisha lenzi ndani ya gari, madirisha yamefungwa, kamera ikitazama chini. Vumbi la barabara zisizo na lami likiingia kwenye sensa huonekana kama madoa meusi angani, hasa kwenye f/11 na kuendelea. Puliza kwa pampu ya mpira, kamwe si kwa mdomo.

Watu na ruhusa

Mchuma chai, muuza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, mtoto anayechunga: salimia kwanza, "shikamoo" kwa mkubwa, omba, na kubali ukikataliwa. Mashamba ya chai ni ya watu, hivyo ulizia ofisini, pia ili ujue kama dawa inapulizwa siku hiyo. Kamera isielekezwe kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi, vizuizi vya barabarani wala magereza. Njia ya kwenda Kijungu, shimo la mwamba mtoni jirani na Daraja la Mungu, inapita eneo la chuo cha Magereza; ulizia getini kabla ya kufungua mkoba. Droni inahitaji vibali, usajili wa TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) ukiwa mmojawapo, na ndani ya hifadhi inahitaji kibali cha ziada. Kama huna, iache nyumbani. Kuingia Kitulo kunalipiwa, na ujiandae kulipa kwa kadi au kwa namba ya malipo, si noti.

Kila jioni, kabla ya kulala, nakili picha zote mahali pawili: kwenye kompyuta au diski, na kadi ya pili iwekwe mfukoni, mbali na mkoba wa kamera. Usifute kadi ya kwanza hadi umefika nyumbani. Chaji betri zote usiku huohuo, kwa kuwa umeme ukikatika alfajiri utabaki na pawa benki tu, na hiyo itumike kwa simu yenye ramani.